Jinsi ya Kupiga Kura Uganda, Kuanzia Kutafuta Kituo Hadi Kusomwa kwa Matokeo

Kura ya raia wa Uganda ina mahali pake pamoja tu. Katika uchaguzi mkuu wa Januari 2026 daftari la wapigakura lilikuwa na watu zaidi ya milioni 21, nao waligawanywa katika vituo zaidi ya 50,000, na kila jina liliandikwa katika kituo kimoja, kwenye orodha moja, juu ya meza moja. Huwezi kupiga kura Kampala ikiwa jina lako liko Tororo, wala huwezi kupiga kura katika kituo cha uwanja wa shule ikiwa jina lako liko katika kituo cha chini ya mwembe, hata kama vituo hivyo viwili vinatazamana. Hakuna kura ya posta, hakuna siku ya kupiga kura mapema kwa wenye safari, na hadi uchaguzi huo hapakuwa na vituo vya raia wanaoishi nje ya nchi.

Nimefika vituoni mara kadhaa kama mpigakura, na mara moja nilikaa kutwa nzima kama wakala wa mgombea katika mji wa Busia, upande wetu wa mpaka na Kenya. Siku hiyo niliona kwamba wengi waliorudi nyumbani bila kupiga kura hawakuwa wamezuiwa na mtu yeyote. Walikuwa wamefika mahali pasipo pao, au wamefika saa zimekwisha, au wamehama nyumba miaka mingi iliyopita na kudhani kwamba majina yao yaliwafuata. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza mapema, miezi mingi kabla ya siku yenyewe.

Hatua ya kwanza: jina liingie katika daftari

Ibara ya 59 ya Katiba ya mwaka 1995 inampa kila raia aliyefikisha umri wa miaka 18 haki ya kupiga kura, na papo hapo inamwekea wajibu wa kujiandikisha. Siku hizi kuandikishwa huko kunapitia kitambulisho cha taifa. Mamlaka ya vitambulisho na usajili, ambayo wote tunaiita NIRA, ndiyo inayotunza taarifa za raia, na Tume ya Uchaguzi huchukua humo taarifa za wenye umri unaostahili ili kutengeneza daftari la wapigakura. Kwa hiyo kijana anayekaribia miaka 18 asisubiri kampeni zianze ndipo akumbuke kwenda kujiandikisha. Kitambulisho huchukua muda kutoka, na daftari hufungwa muda mrefu kabla ya siku ya kura.

Anayeandikishwa huulizwa anataka kupiga kura wapi, na swali hilo linastahili kufikiriwa kwa utulivu. Sheria inamruhusu mtu kujiandikisha katika parishi anayoishi au katika parishi ya asili yake (parishi hapa si ya kanisa, ni eneo la utawala lenye vijiji kadhaa). Wengi wetu, kwa mapenzi ya nyumbani, tunataja kijiji walikozikwa babu zetu, kisha siku ikifika tuko kwenye kazi Nakawa au Mukono, nauli ya kwenda na kurudi imepanda kama inavyopanda wakati wa Krismasi, na mwenye duka hataki kukupa ruhusa ya siku mbili. Mimi namshauri mtu aandikishwe pale anapolala siku nyingi za mwaka, kwa kuwa barabara anayopita kila siku, kisima anachotekea maji na kituo cha afya anachomkimbiza mtoto usiku viko katika eneo hilo, na diwani wa huko ndiye atakayeulizwa habari zake. Lakini huu ni uamuzi wako, na mwenye shamba na mji wake kijijini ana sababu nzuri ya kubaki na kura yake huko.

Aliyehama huweza kuhamisha jina lake. Tume hutangaza kipindi maalumu cha kuhuisha daftari kabla ya kila uchaguzi mkuu, na maofisa hukaa katika vituo vya parishi kupokea maombi mapya, marekebisho na uhamisho. Nenda katika parishi unayotaka kuhamia ukiwa na kitambulisho chako, jaza fomu ya uhamisho, kisha weka kumbukumbu ya tarehe na mahali ulipoijazia. Kipindi hicho kikipita, hakuna ofisa wa kituo anayeweza kukuhamisha, hata umwombe vipi na hata akikujua kwa jina la utotoni.

Hatua ya pili: lisome daftari linapobandikwa

Kabla ya uchaguzi daftari hutolewa hadharani kwa muda usiopungua siku 21 ili wananchi walikague. Kipindi hiki hupita kimya, bila vipaza sauti wala wasanii jukwaani, na kwa maoni yangu ndicho kinachopuuzwa kuliko vyote ingawa ndicho chenye nafasi ya kuokoa kura nyingi. Nenda ukalitazame jina lako kwa macho yako, usitume mtu.

Tazama mambo haya kwa makini. Je, jina limeandikwa kama lilivyo katika kitambulisho? Je, picha ni yako? Je, kijiji na parishi ni vyenyewe? Ukiona jina la marehemu unayemfahamu, au la mtu ambaye hajawahi kuishi mahali hapo, mjulishe ofisa, kwa kuwa kipindi hicho kimewekwa kwa ajili ya malalamiko ya namna hiyo pia. Jirani yangu mmoja aligundua wakati huo kwamba herufi moja ya jina lake ilikosewa, akarekebishiwa kwa dakika chache. Kosa hilohilo lingegunduliwa siku ya kura, lingemsimamisha mbele ya meza huku foleni nzima ikimnung'unikia.

Hatua ya tatu: kijue kituo chako hadi meza yake

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi wanapopotelea.

Kituo chenye wapigakura wengi hugawanywa kwa herufi za majina. Unaweza kukuta mahali pamoja pana meza mbili au tatu, kila moja ikiwa na daftari lake, masanduku yake na maofisa wake, na mbele ya kila moja pamebandikwa herufi: pengine A hadi K kwa meza ya kwanza na L hadi Z kwa ya pili. Kwa hesabu za Tume hivyo ni vituo viwili tofauti, si kimoja. Katika maeneo ya Buganda, ambako majina mengi ya kike huanza na Na, herufi moja yenyewe hupasuliwa, hivyo Nakato akajikuta kwenye meza moja na Namukasa kwenye nyingine.

Herufi inayohesabiwa ni ya jina la ukoo lililoandikwa kwanza katika kitambulisho, si la dini wala la utani. Mama mmoja mwenye umri mkubwa alipanga foleni mbele yetu pale Busia tangu jua halijawa kali. Kila mtu mtaani anamwita Mama Fatuma, naye alisimama kwenye meza ya A hadi M kwa sababu Fatuma inaanza na F. Alipofika mbele, msaidizi alipekua daftari kurasa mbili, akapekua tena, akamwambia kwamba hayumo. Mama alikuwa ameanza kugeuka kuondoka, akikunja kitambulisho chake ndani ya leso, ndipo mmoja wetu akamwomba akisome kwa sauti. Jina la kwanza lilikuwa Nabwire. Meza yake ilikuwa hatua arobaini kutoka pale, upande wa pili wa ua wa michongoma, na ilimbidi aanze foleni upya. Alipiga kura, lakini angeweza kabisa kuwa amekwenda zake.

Wenye majina ya Kiislamu na wenye majina yenye herufi zinazorudiwa wawe waangalifu zaidi. Abdalla na Abdallah ni mtu mmoja msikitini, lakini katika daftari lililopangwa kwa herufi wanaweza kutenganishwa na majina mengine. Semakula na Ssemakula wako kurasa tofauti. Tafuta jina kama lilivyochapwa, si kama unavyolitamka.

Njia za kukijua kituo ni kadhaa. Tume ina tovuti yake, ec.or.ug, ambako mpigakura huweza kutafuta taarifa zake kwa kutumia namba ya kitambulisho, ile yenye tarakimu na herufi 14 inayoanza na CM kwa mwanamume au CF kwa mwanamke. Kabla ya uchaguzi mkuu Tume pia imekuwa ikigawa vikaratasi vinavyomwonyesha mpigakura kituo chake. Kikaratasi hicho ni msaada tu, na kukipoteza hakukunyimi haki yako, lakini anayekipokea akitunze pamoja na kitambulisho. Asiye na simu ya intaneti aende kwa ofisa wa uchaguzi wa wilaya yake, au amwombe kijana wa nyumbani amtafutie.

Ukishakipata kituo, kiandike kwenye karatasi: jina la kituo, herufi za meza, parishi na wilaya. Kisha, siku moja kabla, pita hapo ukitoka sokoni au kazini. Vituo vyetu vingi viko nje kabisa, kwenye viwanja vya shule, chini ya miti, pembeni mwa soko au mbele ya nyumba ya mwenyekiti wa LC, yaani baraza la serikali ya mtaa au kijiji, na jina lililoandikwa katika daftari laweza kuwa la mti ambao umeshakatwa.

Hatua ya nne: maandalizi ya siku mbili za mwisho

Chaji simu, lakini usiitegemee. Mwaka 2016 mitandao ya kijamii na huduma za pesa kwa simu zilifungwa siku ya uchaguzi, mwaka 2021 intaneti nzima ilikatwa, na Januari 2026 ilikatwa tena. Anayesafiri kwenda kupiga kura kijijini awe na nauli ya kurudi mfukoni, kwa noti na sarafu, na taarifa za kituo chake ziwe kwenye karatasi. Kama mna wazee nyumbani, panga mapema nani atamsindikiza nani, kwa pikipiki ya nani, na saa ngapi.

Siku ya kura usivae fulana, kofia wala nguo yenye picha ya mgombea au rangi na alama za chama. Kampeni huwa zimekwisha kisheria kabla ya siku hiyo, na anayefika kituoni akiwa amevaa sare ya chama anajitafutia kufukuzwa na kuwatia hofu wenzake. Acha pia nyumbani chochote kinachoweza kuitwa silaha, hata kama ni panga la shambani ulilotaka kupita nalo.

Na kuhusu sukari, chumvi, sabuni na bahasha zinazopita usiku: kumpa mpigakura kitu ili ampigie mtu kura ni kosa la jinai, na kukipokea kwa makubaliano hayo ni kosa vilevile. Aliyekuletea kilo moja ya sukari hana njia ya kujua ulichoweka kwenye karatasi, kwa sababu ambayo tutaifikia muda mfupi ujao.

Hatua ya tano: foleni na meza

Vituo hufunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa kumi jioni. Anayeweza kufika mapema afike mapema, kwa sababu kuna jambo la kushuhudia kabla ya kura ya kwanza. Sheria inamzuia msimamizi wa kituo kufungua sanduku la kura mpaka wawepo angalau watu watano wenye haki ya kupiga kura hapo, kisha anatakiwa kulifungua mbele yao wote na kulionyesha kwamba ni tupu, ndipo alifunge. Mimi nimeshika sanduku hilo kwa mikono yangu nikiwa wakala. Ni la plastiki, jepesi, unaona mpaka chini. Wale watano si watu maalumu, wanaweza kuwa wewe na majirani zako wanne.

Msimamizi husaidiwa na wasaidizi kadhaa na askari mmoja wa kulinda utulivu. Mawakala wa wagombea hukaa pembeni, na kila mgombea anaruhusiwa mawakala wasiozidi wawili kwa kituo. Kazi ya wakala ni kuangalia na kuandika. Hana ruhusa ya kukuelekeza umpigie nani. Wazee, wajawazito, wenye watoto wachanga, wagonjwa na watu wenye ulemavu hupitishwa mbele, na ikiwa msaidizi hajawaona kwenye foleni, ni vyema wengine mliosimama muwaite na kuwapisha.

Ukifika mbele, mpe msaidizi kitambulisho. Vidole vyako huangaliwa kama vina wino, kisha mashine hupima alama za vidole kuthibitisha kwamba wewe ni wewe. Vidole vya mkulima, vya fundi wa matofali na vya mama anayefua kila siku huwa vimesuguliwa, na mashine inaweza kushindwa kuvisoma. Usiogope na usiondoke. Kunawa mikono na kuifuta vizuri kabla ya kufika mezani husaidia, na ikishindikana kabisa, daftari la karatasi lenye jina na picha lipo. Januari 2026 mashine zilipogoma katika vituo vingi na upigaji kura ukachelewa kwa saa kadhaa, Tume iliagiza maofisa watumie daftari la karatasi ili watu wapige kura. Kinachokupa haki ya kupiga kura ni jina lako kuwamo katika daftari la kituo hicho. Kwa hiyo aliyepoteza kitambulisho lakini jina na picha yake vimo ajieleze kwa msimamizi kwa utulivu. Na yule mwenye kitambulisho kizuri ambaye jina lake halimo, hata akipaza sauti, atakuwa amefika kituo kisicho chake.

Jina lako likishawekewa alama, unapewa karatasi za kura. Siku ya uchaguzi wa rais na wabunge huwa ni tatu: ya rais, ya mbunge wa jimbo, na ya mbunge mwanamke wa wilaya au jiji. Wenyeviti wa wilaya, mameya na madiwani huchaguliwa siku nyingine, kwa kawaida katika wiki zinazofuata, na inasikitisha kuona foleni za siku hizo zikiwa fupi, ilhali ndio watu wanaoamua habari ya soko lako na mtaro wa mbele ya nyumba yako.

Hatua ya sita: beseni

Wageni hushangaa wanapoona namna tunavyoilinda siri ya kura. Hakuna kibanda wala pazia. Kuna meza iliyowekwa peke yake mahali peupe, mbali kidogo na maofisa na mawakala, na juu ya meza kuna beseni la plastiki, lilelile la kufulia nguo. Unakwenda peke yako, unaweka karatasi ndani ya beseni, unainama na kuweka alama. Kingo za beseni zinaficha mkono wako, na uwazi wa mahali unamfanya kila mtu aone kwamba hakuna aliyesimama nyuma yako. Mtu aliyekuletea sukari yuko pale kwenye foleni anatazama mgongo wako tu.

Karatasi ina majina ya wagombea, picha zao na alama zao. Weka alama ya vema au dole gumba ndani ya nafasi ya mgombea mmoja unayemtaka, moja tu kwa kila karatasi. Ukitumia dole gumba, usichovye wino mwingi, kwa sababu utapenya na kuchapa upande wa pili ukikunja. Ngoja kidogo ukauke. Usiandike jina lako, wala maneno ya sifa au ya hasira, na usiweke alama kwa wawili ukidhani unawagawia. Katika uchaguzi wa rais wa mwaka 2021 kura zaidi ya 390,000 zilihesabiwa kuwa batili kati ya kura milioni 10.7 zilizopigwa. Hao ni watu waliopanga foleni juani, wakachovya kidole kwenye wino, na karatasi zao zikawekwa kando.

Ukikosea kabla ya kuitumbukiza, usiitie sandukuni kwa aibu. Irudishe kwa msimamizi. Ataibatilisha na kukupa nyingine. Wengi hawajui haki hii, na nimemwona kijana akiikunjakunja karatasi yake iliyochafuka na kuiingiza hivyohivyo wakati alihitaji tu kugeuka na kusema.

Usiipige picha karatasi yako uliyoiwekea alama. Picha hiyo ndiyo risiti ambayo mnunuzi wa kura anaitafuta, na asiyeweza kuonyesha risiti hawezi kushurutishwa kuitoa. Kunja kila karatasi, itumbukize katika sanduku la uchaguzi wake, kisha kidole chako kitiwe wino usiofutika.

Anayehitaji mkono wa mwenzake

Asiyeona, asiyejua kusoma, au ambaye mikono yake haimtii kwa uzee au ulemavu, anaruhusiwa kusaidiwa na mtu aliyemchagua mwenyewe. Msaidizi huyo hapaswi kuwa ofisa wa kituo wala wakala wa mgombea. Sisitiza jambo hili kwa wazee wenu, maana mzee mwenye adabu, akiulizwa na ofisa kijana, "Nikusaidie, mzee?", hukubali ili asionekane mkaidi. Jibu zuri ni la heshima na ni fupi: "Asante, mwanangu, nimekuja na mjukuu wangu." Na mjukuu aweke alama pale alipoambiwa, hata kama yeye angempigia mwingine.

Katika maeneo mengi maofisa huongea lugha ya mahali, Kiganda, Ateso, Lugbara au nyinginezo. Anayezungumza Kiswahili tu, kama walivyo baadhi ya ndugu zetu wa mipakani na wa kambi za jeshi, asione haya kuomba aelezwe kwa Kiswahili. Tangu mwaka 2005 Katiba inakitaja kuwa lugha rasmi ya pili, na karibu kila foleni ina mtu anayekijua.

Hatua ya saba: saa kumi jioni na baada yake

Saa kumi ikifika, waliokwisha kusimama kwenye foleni wanabaki na haki ya kupiga kura hata giza likiingia. Wanaofika baada ya hapo hawaruhusiwi. Kama wewe ni wa mwisho kwenye foleni saa tisa na dakika hamsini na tano, usitoke kwenda kununua maji.

Kura huhesabiwa palepale kituoni, mbele ya macho ya watu. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Masanduku hufunguliwa, karatasi humwagwa mezani, na msimamizi huinua moja moja na kutaja jina la aliyepigiwa. Pale Busia mwanga wa jua ulipopungua, watu waliwasha tochi za simu bila kuambiwa, wakazielekeza mezani, na kila jina lilipotajwa umati ulihesabu pamoja kwa sauti. Kura yenye utata iliinuliwa juu, ikageuzwa pande zote, mawakala wakaitazama, ndipo ikaamuliwa. Unaruhusiwa kuangalia, mradi ukae nje ya eneo la meza na usilete fujo.

Hesabu ikikamilika, hujazwa fomu ya kutangaza matokeo ya kituo. Msimamizi huitia saini, mawakala waliopo huitia saini, kila upande hupata nakala, na nakala moja hubandikwa kituoni. Kama una nguvu ya kusimama mpaka saa hiyo, isome na uandike tarakimu zake katika daftari lako, zikiwa ni pamoja na kura batili na jumla ya waliopiga. Kutoka hapo masanduku na fomu huenda wilayani kujumlishwa, na matokeo ya rais hutakiwa kutangazwa ndani ya saa 48 tangu kura kufungwa. Mgombea urais hushinda akipata zaidi ya nusu ya kura halali. Asipopatikana wa namna hiyo, wawili wa juu hurudi kwa wapigakura ndani ya siku 30.

Uchaguzi wa kijiji ni tofauti

Mwenyekiti wa LC wa kijiji hachaguliwi kwa beseni. Wakazi wenye umri wa miaka 18 na zaidi walioandikwa katika rejesta ya kijiji hukusanyika na kupanga mstari nyuma ya mgombea wao, kisha hesabu hufanywa kwa kuhesabu vichwa. Ndivyo ilivyokuwa tarehe 10 Julai 2018, uchaguzi wa kwanza wa aina hiyo tangu 2001. Hapo kitambulisho cha taifa na kituo chako cha uchaguzi mkuu havitoshi. Hakikisha jina lako limo katika rejesta ya kijiji unachoishi, na ufike kwa saa iliyotangazwa, maana mstari ukishahesabiwa hakuna foleni ya kungojea. Kila mtu atakuona uliposimama, kwa hiyo mliosimama mistari tofauti mtapaswa kusalimiana kesho yake kisimani kama kawaida.

Ukiwa na malalamiko

Jambo likiharibika kituoni, mwambie kwanza msimamizi, kisha ofisa wa uchaguzi wa wilaya, na uandike saa, jina la kituo, herufi za meza na ulichokiona kwa macho yako, ukitenganisha na ulichosimuliwa. Matokeo ya rais hupingwa na mgombea katika Mahakama ya Juu ndani ya siku 15 tangu kutangazwa, na mahakama hutoa uamuzi ndani ya siku 45. Kwa ubunge, mlango uko wazi pia kwa mpigakura wa kawaida: anaweza kufungua shauri katika Mahakama Kuu akiungwa mkono na saini za wapigakura wasiopungua 500 wa jimbo hilo. Wanasheria watakaomsikiliza watamuuliza kwanza tarakimu za kituo chake, na ndiyo sababu ile karatasi iliyobandikwa kwenye mti jioni ya uchaguzi inafaa kunakiliwa kabla mvua haijanyesha.